Mzigo wa Lita Moja: Mnyororo wa Maziwa na Mazingira katika Nyanda za Juu za Kenya

Maziwa ya ng'ombe yanayozalishwa nchini Kenya, ambayo hukadiriwa kufikia takriban lita bilioni 5 kwa mwaka, hayatoki kwa wingi katika mashamba makubwa bali katika mabanda ya wafugaji wadogo, wengi wao wakiwa na ng'ombe wachache tu, na wafugaji hao kwa pamoja ndio wanaozalisha karibu asilimia 80 ya maziwa yote ya nchi. Mfumo huo si wa kale. Kabla ya Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, uliokuwa mpango wa serikali ya kikoloni wa kuendeleza kilimo cha Waafrika, ufugaji wa ng'ombe wa gredi, yaani wa mbegu za Ulaya kama Frisian, Ayrshire na Jersey, ulikuwa kwa kiasi kikubwa mali ya walowezi, na shirika la KCC lililoundwa mwaka 1925 lilikuwa chombo cha kuuzia maziwa yao. Baada ya hapo ng'ombe hao walienea katika mashamba madogo ya Kiambu, Nyeri, Murang'a, Meru, Nyandarua na Nandi, vyama vya ushirika kama vya Limuru na Githunguri vikaundwa mwaka 1961, na soko lilipofunguliwa mwaka 1992 wachuuzi wa maziwa mabichi wakachukua nafasi ambayo viwanda havikuweza kuijaza. Kwa hiyo anayezungumzia mnyororo wa ugavi wa maziwa nchini Kenya, yaani njia yote ambayo maziwa hupitia tangu shambani yanakooteshwa majani ya kulishia ng'ombe hadi kikombe cha mnywaji, anazungumzia mamia ya maelfu ya kaya, maelfu ya waendesha bodaboda na wachuuzi, vituo vya kupozea maziwa, na viwanda ambavyo huonekana zaidi machoni mwa umma ingawa hupitisha sehemu ndogo tu ya maziwa hayo.

Mzigo ambao mnyororo huo unautwika mazingira hupimwa kwa namna kadhaa, lakini kipimo kinachotumiwa zaidi ni kile cha gesijoto, yaani gesi zinazozuia joto la jua lisitoke katika angahewa, ambazo hujumlishwa kwa kugeuzwa kuwa kilo za hewa ukaa zenye athari sawa. Tathmini iliyotolewa mwaka 2017 na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) kwa kushirikiana na wataalamu wa Kenya ilikadiria kwamba kila kilo ya maziwa ya Kenya huambatana na wastani wa kilo 3.8 za gesi hizo, wakati wastani wa dunia kwa mwaka 2015 ulikuwa takriban kilo 2.5 na ule wa maeneo yenye mzigo mdogo zaidi kilo 1.3 hivi. Ndani ya Kenya kwenyewe tofauti ni kubwa zaidi: kilo 2.1 kwa ng'ombe wanaolishwa bandani, 4.1 kwa wale wanaolishwa nusu bandani na nusu malishoni, na 7.1 kwa wale wanaotegemea malisho pekee. Jambo linalopaswa kuzingatiwa zaidi katika tathmini hiyo ni mchanganuo wake, kwa kuwa methani ilikuwa zaidi ya asilimia 95 ya gesi zote zilizohesabiwa, na hewa ukaa ambayo kwa kawaida huhusishwa na magari, umeme na mitambo ilikuwa karibu asilimia 1 tu. Mchanganuo huo unatosha kuonyesha kwamba kiwanda kinachoweka paa la sola na kuitangaza hatua hiyo kuwa ndiyo safari yake ya kijani kimegusa ukingo wa tatizo, hata kama hatua yenyewe ni njema.

Sehemu kubwa ya methani hiyo huzalishwa tumboni. Ng'ombe, kama wanyama wengine wanaocheua, huhifadhi majani katika tumbo la kwanza liitwalo rumeni, ambamo vijidudu huyavunjavunja na kuyachachusha. Katika kazi hiyo hubaki haidrojeni, na kundi mojawapo la vijidudu huiunganisha na kaboni kutengeneza methani, ambayo ng'ombe huitoa kwa mdomo anapocheua na kubeua, wala si kwa nyuma kama wengi wanavyodhani. Gesi hii hudumu angani kwa takriban miaka 12 tu, lakini kwa kipimo cha miaka 100 kila kilo yake hupasha dunia joto mara 27 hivi kuliko kilo ya hewa ukaa. Kwa mfugaji, methani ni hasara hata kabla ya kuwa suala la tabianchi, kwani karibu asilimia 6 ya nguvu iliyomo katika chakula cha ng'ombe hupotea kwa njia hiyo, na kadiri majani yanavyokuwa makavu na magumu ndivyo uchachushaji unavyochukua muda mrefu na ndivyo gesi inavyozidi kwa kila kilo ya chakula kinachomeng'enywa.

Ufunguo wa kuielewa lita moja ya maziwa uko katika ukweli kwamba ng'ombe hula kwanza kwa ajili ya kuishi, na kinachozidi ndicho kinachogeuka kuwa maziwa. Ichukuliwe, kwa mfano wa hesabu tu, kwamba ng'ombe anayetoa lita 5 kwa siku anabeua gramu 180 za methani: kila lita inabeba gramu 36. Ng'ombe huyo huyo akilishwa vizuri hadi afikie lita 12, atakula zaidi na methani yake inaweza kupanda hadi gramu 260, lakini kila lita itabeba chini ya gramu 22. Gharama ya kumweka ng'ombe hai imegawanywa kwa lita nyingi zaidi. Hesabu hiyo hiyo inahusu siku ambazo ng'ombe hatoi maziwa kabisa. Mtamba, yaani ng'ombe jike ambaye hajazaa, hula na kubeua methani kwa muda wote wa makuzi yake, na ilhali mtamba aliyelishwa vema anaweza kuzaa akiwa na miezi 24 hadi 27, katika mabanda mengi ya wafugaji wadogo huzaa akiwa amepita miaka 3. Vivyo hivyo, ng'ombe anayepaswa kuzaa kila baada ya miezi 12 au 13 hukaa miezi 16 au zaidi kwa sababu hakuonekana alipokuwa kwenye joto, au mhimilishaji, yaani mtaalamu wa kupandikiza mbegu, alichelewa kufika, au mwili wake haukuwa na akiba ya kushika mimba.

Ndiyo maana baadhi ya hatua zenye faida kubwa kwa mazingira hazina jina la mazingira kabisa. Ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe na ambao huua ndama wengi wa gredi katika Afrika Mashariki, una chanjo iliyoendelezwa Muguga, nje kidogo ya Nairobi, katika miaka ya 1970, inayotolewa kwa kumwambukiza mnyama vimelea hai na papo hapo kumpa dawa ya kuvidhibiti. Ndama aliyekufa akiwa na miezi 10 amekwisha kula na kubeua kwa miezi yake yote bila kuacha hata lita moja. Ugonjwa wa kiwele, ambao humlazimu mfugaji kumwaga maziwa yaliyokwisha kulipiwa kwa majani, maji na methani, unaweza kupunguzwa sana kwa usafi wa mikono na sakafu. Hakuna kampuni itakayobandika picha ya ndoo ya maji ya moto na kitambaa safi kwenye pakiti yake ili kutangaza uhifadhi wa mazingira, lakini kwa hesabu za lita moja ndoo hiyo haiko mbali na paa la sola.

Kiini cha yote, hata hivyo, ni hori, na hori la nyanda za juu hujaribiwa wakati wa kiangazi. Mvua zinaponyesha majani huwa mengi, maziwa hufurika, bei hushuka na vituo hulazimika nyakati nyingine kuyakataa. Kuanzia Januari hadi Machi majani hukauka, mfugaji hukata mabua ya mahindi, hukodi ukingo wa barabara au hununua marobota ya nyasi kavu kutoka Bonde la Ufa, na ng'ombe aliyekuwa akitoa lita 10 hushuka hadi 4 huku akiendelea kubeua. Zao kuu la malisho ni matete ya nepia, ambayo hutoa majani mengi kwa eneo dogo na hushikilia udongo kwenye matuta, lakini yakiachwa yarefuke kupita kimo cha mtu huwa shina tupu lisilo na protini. Mfugaji mwenye ekari moja hushawishika kuyaacha yakue kwa sababu anaona wingi; ng'ombe hauoni wingi huo. Isitoshe, magharibi mwa Kenya nepia imeshambuliwa na ugonjwa wa kudumaa unaoenezwa na mdudu mdogo arukaye, na mashamba mengine yamepoteza malisho yao yote.

Ugonjwa huo ni mojawapo ya sababu zilizorudisha macho ya watafiti kwenye nyasi ambazo asili yake ni hapa hapa. Brakiaria ni jamii ya nyasi za Afrika, hasa mashariki na kusini, ambazo zilipelekwa Amerika ya Kusini, zikaboreshwa na taasisi za utafiti za Kolombia na Brazil, na leo zimefunika makumi ya mamilioni ya hekta za malisho ya Brazil. Mbegu zilizoboreshwa zikarejea Kenya kama bidhaa ya kununuliwa. Safari hiyo ina kinaya ambacho hakihitaji kufafanuliwa. Nyasi hizo hustahimili ukame kuliko nepia, mizizi yake huenda chini sana, na majani yake hubaki laini kwa muda mrefu zaidi. Katika kilimo cha vuta-sukuma kilichobuniwa na taasisi ya icipe huko Mbita, kando ya Ziwa Viktoria, pamoja na watafiti wa Rothamsted wa Uingereza, brakiaria hupandwa kuzunguka shamba la mahindi ili kuwavuta nondo wa viwavi watobozi wa shina, wakati desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, hupandwa katikati ya mistari ili kuwafukuza na kuzuia kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya nafaka. Mimea yote miwili hukatwa na kulishwa ng'ombe, na desmodiamu hurutubisha udongo kwa nitrojeni inayoitoa hewani. Ni nadra kupata jambo moja linalolinda chakula cha watu, kulisha mifugo na kupunguza mbolea ya dukani kwa wakati mmoja.

Miti ya malisho nayo ina rekodi ndefu. Majaribio yaliyofanywa Embu na watafiti wa kilimo mseto wa miti pamoja na wa serikali yalionyesha kwamba takriban kilo 3 za majani mabichi ya kaliandra zinaweza kushika nafasi ya kilo 1 ya chakula cha dukani cha ng'ombe, na kwamba vichaka 500 hivi vilivyopandwa kwenye mipaka na kingo za matuta vinamtosha ng'ombe mmoja kwa mwaka mzima. Chakula hicho cha dukani hutengenezwa kwa pumba, mashudu ya alizeti na pamba, na soya, sehemu yake kubwa ikitoka nje ya nchi, kwa hiyo kichaka kinachokatwa mpakani kinapunguza pia safari za malori na mashamba mapya yanayofyekwa kwingine. Kinachokwamisha ni kazi. Majani hayo lazima yakatwe na kubebwa kila siku, na katika kaya nyingi mbebaji ni mwanamke, ambaye malipo ya maziwa mara nyingi huingia katika akaunti isiyo na jina lake. Mpango wowote unaoongeza mizigo ya majani bila kugusa jina lililoandikwa kwenye daftari la ushirika unapaswa kutazamwa kwa mashaka.

Sileji, yaani majani au mahindi mabichi yaliyokatwakatwa, yakashindiliwa na kufunikwa yasipate hewa hadi yachachuke, ndiyo njia ya kuhamisha wingi wa masika hadi kiangazi. Mfugaji wa ng'ombe wawili hahitaji shimo kubwa. Mifuko mizito ya plastiki inayobeba kilo mia kadhaa humtosha, ingawa humwachia taka za plastiki ambazo mara nyingi huchomwa nyuma ya banda.

Katika nchi tajiri mjadala umeelekea kwenye viongezwa vinavyozuia methani moja kwa moja. Kemikali iitwayo 3-NOP, iliyoruhusiwa katika Umoja wa Ulaya mwaka 2022 na Marekani mwaka 2024, hupunguza methani ya ng'ombe wa maziwa kwa karibu asilimia 30, na mwani mwekundu wa jamii ya Asparagopsis umeonyesha upungufu mkubwa zaidi katika majaribio. Lakini kemikali hiyo hufanya kazi ikiwa imechanganywa sawasawa katika kila tonge analokula ng'ombe mchana kutwa, jambo linalowezekana penye mashine ya kuchanganya malisho na si penye mzigo wa nepia unaoangushwa horini mara mbili kwa siku. Wala haimwongezei mfugaji lita ambayo ingelipia gharama yake. Ama mwani, ule unaolimwa na akina mama wa Zanzibar ni wa jamii nyingine kabisa, na matumaini yanayotajwa mara kwa mara kwamba utaokoa hali hiyo hayana msingi.

Samadi ina sura mbili. Ikirundikwa mvua na bila hewa hutoa methani. Ikitandazwa na kukauka hutoa methani kidogo lakini hupoteza nitrojeni, ambayo sehemu yake hugeuka kuwa nitrasi oksidi, gesi yenye nguvu ya mara 270 hivi kuliko hewa ukaa. Kwa miaka mingi nchi za Afrika zilikadiria hasara hizi kwa viwango vilivyotokana na ng'ombe wa mabara mengine, hadi vipimo vya kituo cha Mazingira cha taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI jijini Nairobi, chenye vyumba maalumu vya kupimia pumzi za ng'ombe, vilipoanza kuonyesha kwamba samadi ya mnyama aliyelishwa majani duni huweza kutoa gesi kidogo kuliko ilivyokuwa ikiandikwa, huku mazizi ya wafugaji wa kuhamahama yakiendelea kutoa nitrasi oksidi muda mrefu baada ya kuhamwa. Njia bora kwa mwenye banda ni mtambo wa bayogesi. Ujenzi wake una uzoefu mkubwa Afrika Mashariki, ukiwemo wa kituo cha CAMARTEC mjini Arusha kilichoanza kuusambaza katika miaka ya 1980, na samadi ya ng'ombe wawili au watatu wa bandani hutosha kupikia chakula cha kaya, hivyo kuni hupungua na moshi huondoka jikoni. Bali mtambo wenye ufa unaovujisha gesi ni hasara kuliko samadi iliyotandazwa, na mitambo mingi imekufa kwa kukosa fundi wa kuja kuziba ufa baada ya mradi kufungwa. Fedha za wahisani hupenda kujenga kuliko kukarabati.

Baada ya kukamuliwa, adui wa maziwa ni joto na muda. Lita inayochacha njiani imebeba mzigo wake wote bila kumnywesha mtu, na kwa hiyo upozaji, ingawa unatumia nishati, mara nyingi hulipa kwa kile unachookoa. Maziwa ya asubuhi hufika kituoni na kupozwa hadi nyuzi joto 4, lakini vituo vingi havipokei ya jioni, ambayo hunywewa nyumbani, hupewa ndama au huuzwa kwa jirani kwa bei yoyote. Umeme wa gridi ya Kenya hutokana kwa karibu asilimia 90 na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua, na huko Menengai karibu na Nakuru, kampuni ya serikali ya kuendeleza jotoardhi imeonyesha kwamba joto la visima vyake linaweza kutumiwa moja kwa moja kuchemshia maziwa ili kuua vijidudu. Hatari iliyojificha katika matangi ni gesi ya kupozea yenyewe: aina inayojulikana kama R-404A hupasha dunia joto mara karibu 4,000 kuliko hewa ukaa, kwa hiyo tangi linalovuja kilo chache kwa mwaka linaweza kufuta faida ya sola iliyo juu yake. Marekebisho ya Itifaki ya Montreal yaliyokubaliwa mjini Kigali Oktoba 2016 yanazitaka nchi kupunguza gesi za aina hiyo hatua kwa hatua, na mbadala kama propani, ambayo athari yake iko chini ya 5 kwa kipimo hicho hicho, upo sokoni.

Kiwandani yaliyobaki yanajulikana na yanatatulika kwa uhandisi wa kawaida: maji ya kusafishia mabomba, maji yanayobaki baada ya kutengeneza jibini ambayo yakimwagwa mtoni hunyang'anya samaki oksijeni, na pakiti za plastiki, ambazo marufuku ya mifuko ya mwaka 2017 haikuzigusa kwa sababu vifungashio vya viwandani viliachwa nje. Mashine za kuuzia maziwa zinazoitwa ATM, ambapo mnunuzi huja na chombo chake, zimeondoa pakiti nyingi mitaani bila kampeni yoyote.

Hesabu ya lita moja ina udanganyifu wake. Kati ya mwaka 2005 na 2015 uzalishaji wa maziwa duniani uliongezeka kwa asilimia 30 na mzigo wa kila kilo ukashuka, lakini jumla ya gesi zilizotoka katika ng'ombe wa maziwa ilipanda kwa asilimia 18, kwa kuwa lita nyingi nafuu bado ni nyingi. Mfugaji wa Nyandarua anayeongeza mapato kwa kulisha vizuri ana kila sababu ya kununua ng'ombe wa tatu, na hakuna haki ya kumzuia kwa jina la tabianchi iliyoharibiwa zaidi na wengine. Lakini wapangaji wa sera hawawezi kutangaza kushuka kwa mzigo wa kila lita kana kwamba ndiko kupungua kwa gesi. Upungufu halisi unapatikana pale ambapo maziwa yale yale yanatoka kwa ng'ombe wachache zaidi, na hilo linahitaji mtamba anayezaa mapema, ndama asiyekufa, na mfugaji mwenye namna nyingine ya kuweka akiba, kwa kuwa kwa wengi ng'ombe asiyetoa maziwa bado ni karo ya shule iliyosimama bandani.

Swali la nani alipe ndilo linaloachwa mwisho katika mikutano mingi. Ahadi za kampuni kubwa, pamoja na muungano wa kupunguza methani ya maziwa uliotangazwa katika mkutano wa tabianchi wa Dubai mwaka 2023, hufanya kazi kupitia mikataba: mnunuzi anamjua mzalishaji, anapima, analipa nyongeza. Nchini Kenya sehemu kubwa ya maziwa yanayouzwa hupita mikononi mwa wachuuzi wanaolipa kwa lita na hawaulizi ng'ombe alikula nini, na hakuna nembo ya pakiti inayoweza kuwafikia kwa kuwa hawana pakiti. Njia iliyopo ya kuwafikia ilikwisha kujaribiwa kwa lengo jingine. Mradi wa Wafugaji Wadogo wa Maziwa, ulioendeshwa kuanzia 1997 hadi 2005 na wizara, taasisi ya utafiti wa kilimo na ILRI, ulionyesha kwamba wachuuzi waliokuwa wakifukuzwa kama wahalifu wangeweza kufunzwa usafi, kupewa vyombo vya chuma badala ya madebe ya plastiki, na kupewa leseni na Bodi ya Maziwa ya Kenya, na sera ikageuka kuelekea huko. Mchuuzi huyo huyo, anayefika kwenye lango la mfugaji kila alfajiri huku mtaalamu wa ugani akipita mara chache kwa mwaka, anaweza kubeba mbegu za brakiaria, namba ya mhimilishaji na taarifa ya tarehe ya chanjo, mradi leseni yake imfanye apate chochote kwa kazi hiyo na bei ya kiangazi imwezeshe kulipa zaidi kwa maziwa ya mwenye sileji.